Kifuniko cha Injini ya Nyota

Fidélie alimaliza masomo ya mekanika katika shule ya ufundi mwezi wa saba, na juma hilohilo alimwomba baba yake amfundishe kazi yake ya zamani. Baba alikataa. Aliomba tena mwezi wa nane, akakataliwa. Mara ya tatu aliomba mbele ya mama yake, Jumapili, wakiwa mezani. Isidore Kabamba aliweka tonge la bukari, ugali wa kwao, pembeni mwa sahani, akasema kwamba kazi ile ilishakufa, na mtu mwenye akili hamfundishi mtoto wake kulinda kaburi.

Tangu siku hiyo binti hakuuliza tena. Isidore alidhani angepata amani, lakini hakuipata. Fidélie aliamkia wazazi wake vizuri, alifagia, alichota maji, na mara tatu kwa juma alitoka asubuhi kwenda Kikula, mtaa mwingine wa Likasi, kwenye masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, kama alivyosema. Alijibu kila alichoulizwa. Ila ule ubishi wake wa utotoni, wa kumfuata baba karakanani na kumsumbua kwa maswali, ulikuwa umekwisha, na baba aliukosa kuliko alivyotaka kukiri.

Watu wa kampuni ya madini iliyomwajiri Isidore zamani waliiita kazi yake kwa jina la Kifaransa, modeleur. Kabla ya fonderi, karakana ya kusubu vyuma, kumimina shaba au chuma kilichoyeyuka, lazima mtu achonge kwanza kwa mbao umbo la kile kinachotakiwa, liwe gurudumu, tumbo la pampu au kifuniko. Umbo hilo huitwa modeli. Hushindiliwa ndani ya mchanga, kisha hutolewa polepole, na pale lilipokuwa limelala hubaki uwazi. Chuma huingia katika uwazi huo, kikapoa, kikatoka kipande. Watu hukisifu chuma, na mbao hurudishwa rafuni.

Isidore alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane hapohapo Panda, mtaani kwao. Kisha kazi zikapungua, na mafundi wakaambiwa warudi nyumbani wangoje kuitwa. Miaka miwili mizima, kila Jumatatu, alivaa ovaroli iliyopigwa pasi akaenda kusimama getini pamoja na wenzake. Baadhi yao walizeeka pale getini. Mmoja alianguka pale pale, akiwa na kadi ya kazi mfukoni. Jumatatu iliyofuata Isidore hakwenda. Alianza kutengeneza milango, madawati ya shule, viti vya kanisa, na majeneza pale alipoombwa. Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na Panda nzima ilijua kwamba mlango wa Kabamba haulii wala haukwami hata mvua inyeshe mwezi mzima. Wachache tu walijua alikuwa nani kabla ya hapo.

Mwezi wa kumi karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa parokia. Chama cha wapenzi wa ndege za zamani kutoka Lubumbashi kilikuwa kinaleta maonyesho katika ukumbi wa zamani wa cercle, klabu ya wafanyakazi wa kampuni, Panda, kuanzia Jumatano hadi Jumapili: ndege moja ya kweli, ndege mbili zilizoigwa kutoka zile za mwanzo kabisa, na meza ya injini ndogo. Chini, kwa herufi nyekundu, iliandikwa kwamba Jumapili saa tisa injini ya nyota ingewashwa mbele ya watu wote.

"Papa, twende tuone," Fidélie alisema. "Ni kuona tu. Minye sitakuuliza kintu."

Alikubali upesi, kwa sababu mara hii binti aliomba jambo ambalo yeye angeweza kumpa.

Walikwenda Alhamisi mchana. Ndege ya kweli ilikuwa imewekwa katikati ya ukumbi, ya watu wawili, rangi yake ya njano imefifia, na mabawa yake yalikuwa yamefungwa upya baada ya kusafiri juu ya lori. Watoto wa shule waliizunguka kwa mstari, kila mmoja akigusa gurudumu kisha akitazama kidole chake. Nyuma yake palikuwa na zile za kuigwa, zilizotengenezwa kwa mbao, waya na kitambaa kilichopakwa gundi hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Fidélie alisimama mbele ya moja yao mikono nyuma, kichwa ameinamisha, akihesabu mbavu za bawa.

Isidore hakuitazama ndege kwa ujumla wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye panga la mbele, lile linalozunguka na kuvuta hewa. Lilikuwa limeunganishwa kwa tabaka saba za mbao, na nyuzi za kila tabaka zilielekea kidogo tofauti na za jirani yake. Aliinama akatazama ncha moja, akazunguka akatazama nyingine. Mlinzi alimwangalia kwa wasiwasi, kisha akaona kwamba mzee huyu ameweka mikono yake mifukoni kwa makusudi, kama mtu anayejijua, akamwacha.

Meza ya injini ilikuwa mwisho wa ukumbi. Kulikuwa na injini ya mvuke ndogo kama kopo la maziwa, na nyingine za pistoni moja au mbili, zote zimeng'arishwa. Katikati, juu ya kitambaa cheusi, ilikaa injini ya nyota, yenye silinda saba zilizopangwa kwa duara, upana wake kama sinia dogo. Nyuma yake ilikuwa wazi. Mtu angeweza kuona meno na mikono yake ya ndani, kama saa iliyofunguliwa.

Aliyeitengeneza alisimama hapohapo, mtu mnene wa Lubumbashi aitwaye Bertin, aliyevaa aproni ya ngozi juu ya shati la kanisani. Aliwaeleza wageni mambo ya injini kwa mzaha mwingi, lakini Fidélie alipouliza kwa nini hii haina mgongo, mzaha ulimwishia. Alisema ilimchukua miaka minne. Sanduku lilianguka wakati wa kushusha mizigo na kifuniko cha nyuma kikapasuka. Alikuwa amekwenda Kikula kwa wale wanaosubu sufuria za alumini, wakamtolea kifuniko kimoja, kikawa kidogo. Wakamtolea cha pili, kikawa kidogo zaidi.

"Niliwapa kintu yenyewe mu mikono, papa. Ya kutazama na macho. Bale banajua sufuria tu." Akavitoa vifuniko vyote vitatu chini ya meza, kile kilichopasuka na viwili vipya, akavipanga mbele yao. "Na Jumapili nitawasha nini? Bantu balisoma tangazo."

Isidore alivitazama. Mikono yake ilitoka mifukoni bila yeye kuiambia. Aliweka kifuniko kimoja juu ya kingine, akapitisha kucha ukingoni, akaviweka chini. Alitaka kwenda zake. Badala yake alisema kwa sauti ndogo kwamba hiki cha kwanza kilitolewa kwa kushindilia kile kilichopasuka mchangani, na hiki cha pili kilitolewa kwa kushindilia cha kwanza.

Bertin alimtazama. "Ulikuwa pale?"

"Hapana. Inaonekana."

Alieleza kwa maneno machache. Chuma kikiwa moto kimetanuka, na kikipoa kinasinyaa. Anayesubu sufuria hajali, maana sufuria ikipungua unene wa kucha bado inapika bukari. Lakini kifuniko cha injini kina mahali pake pa kukaa. Huwezi kushindilia kipande chenyewe ukategemea kupata mwenzake, kwa sababu kila kipande kitakachozaliwa kitakuwa kidogo kuliko mzazi wake. Lazima uchonge modeli kubwa kidogo, kwa kadiri ile chuma kitakayosinyaa.

"Na weye njo nani?" Bertin aliuliza, sasa bila mzaha.

Fidélie ndiye aliyejibu. "Ni papa yangu. Ni modeleur."

Alisema "ni", hakusema "alikuwa". Isidore aliisikia tofauti hiyo, ikamchoma na kumpendeza kwa pamoja. Bertin alishika mkono wake kwa mikono miwili, akaanza kumwomba, leo ni Alhamisi, muda upo, kwa jina la Mungu. Isidore akautoa mkono wake taratibu. Alisema kwamba aliacha kazi ile zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwamba macho yake si yale, akaomba radhi, akaondoka.

Njiani Fidélie alishika ahadi yake, hakuuliza kitu.

Mama Hélène alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mboga za matembele. Alisikiliza habari yote, ya ndege na ya vifuniko, pasipo kuinua kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga pasi ile ovaroli ya Jumatatu kwa miaka miwili, na hakuwahi kuisema kwa ubaya. Mumewe alipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Ulimuambia ule papa ugonjwa yake. Dawa haukumupa. Ni docteur gani anafanya vile, Isidore?"

"Mukono inasahau, Hélène."

"Mukono ulishaiuliza?"

Hakuwa ameiuliza. Ukweli, ambao Isidore hakuutamka hata kwa mkewe, ulikuwa kwamba aliogopa jibu. Maadamu kazi imekufa yenyewe, fundi hana la kulaumiwa. Lakini akijaribu ikamshinda, basi ni yeye aliyekufa, na binti ataona.

Ijumaa, kabla ya ukumbi kufunguliwa, Isidore alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlangoni pake. Bertin alipofika na funguo alimkuta pale, akamletea kile kifuniko kilichopasuka kimefungwa ndani ya kitambaa.

Chini ya kitanda chake Isidore alikuwa na sanduku ambalo hakulifungua mara nyingi. Ndani mlikuwa na patasi zake nyembamba na rula zile ambazo vijana wa fonderi waliziita za bubeshi, maana zinadanganya kwa makusudi: zimeandikwa kama rula nyingine, lakini kila alama imesogezwa mbele kidogo, moja kwa kadiri ya shaba, nyingine kwa chuma, nyingine kwa alumini. Fundi akipima kwa rula hiyo, modeli hutoka kubwa pasipo kupiga hesabu. Alichagua ile ya alumini, akaifuta. Kisha akatafuta mbao, na hapo alichagua muda mrefu kuliko yote, mpaka akakata kipande cha mulombwa kutoka mlango wa kabati kuukuu, mbao iliyokauka tangu kabla Fidélie hajazaliwa, isiyojikunja tena kwa jua wala mvua.

Alichonga siku nzima. Saa ya kwanza mkono ulikuwa wa seremala wa madawati, mzito, na aliharibu kipande akakitupa. Cha pili alikianza polepole. Mchana alisahau kula. Kuna wakati aligundua kwamba anapumua kama zamani, akiizuia pumzi patasi inapoingia na kuiachia inapotoka. Fidélie alipita mlangoni mara kadhaa na ndoo ambayo haikuwa na haja ya kupelekwa popote. Hakumkaribisha ndani. Hakumfukuza pia.

Jumamosi asubuhi walikwenda Kikula. Alimchukua Fidélie kwa sababu modeli ilihitaji kubebwa kwa mikono miwili, ndivyo alivyosema. Wasubu sufuria walikuwa na uwanja wao nyuma ya soko, wenye tanuru la mkaa, feni ya kupuliza moto, na marundo ya alumini kuukuu: madirisha, makopo, vichwa vya injini za pikipiki. Mkubwa wao alikuwa Ricky, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye nyusi zilizoungua nusu.

Ricky alimwona Fidélie kabla ya kumwona baba yake. "Fundi Fidé! Jana haukukuya, tulikungoja. Mchanga hakuna muntu alichekecha."

Wengine wawili wakamwita vilevile, mmoja akamrushia aproni. Fidélie aliidaka kwa mazoea, halafu akakumbuka aliye nyuma yake. Aproni ikabaki mkononi.

Isidore alimtazama binti yake, akaitazama mikono yake. Aliona makovu madogo ya cheche kwenye vidole, yale ambayo kwa miezi miwili alidhani ni ya jikoni.

"Informatique," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Ordinateur, ile kompyuta yenu, iko wapi?"

Ricky, ambaye hakujua kinachoendelea lakini alipenda mzaha, alionyesha tanuru. "Njo ile, papa. Lakini usiguse clavier na vidole, inaunguza."

Hakuna aliyecheka. Kisha Isidore akapumua puani, jambo ambalo kwake lilikuwa karibu na kicheko, akasema kwamba Bertin anangoja, na habari ya masomo wataizungumza nyumbani. Akaweka modeli juu ya ubao.

Ricky alishindilia mchanga mwenyewe ndani ya kisanduku, akapindua, akaanza kuitoa modeli. Ilipotoka ilikuja na mchanga. Ukingo wa uwazi ulimeguka kama mkate. Walirudia, ukameguka palepale. Isidore aliuchukua mchanga mkononi akaufinya, akasema mchanga huu haufai, umekosa udongo, katika fonderi ya kampuni usingepita mlangoni. Ricky alijibu kwa heshima kwamba mchanga wa kampuni hawana, huu ndio waliopewa na mto. Walitazama jua. Tanuru lilikuwa linakula mkaa.

Fidélie alikuwa amepiga magoti kando ya kisanduku. Aliichukua modeli akaigeuza ukingo wake kwenye mwanga. Aliposema, aliiambia mbao zaidi ya baba yake.

"Papa, hapa kwa ukingo imesimama wima. Mwinamo uko, lakini kidogo. Mchanga yetu haina nguvu kama ile yenu. Inaomba mwinamo zaidi, ndipo inaachilia."

Kila modeli huchongwa na mwinamo, pana juu na nyembamba chini, ili itoke mchangani bila kuurarua. Isidore aliujua mwinamo huo kama anavyojua jina lake. Na mkono wake haukuwa umesahau. Kosa lake lilikuwa jingine: mkono ulikumbuka vizuri mno, ukachonga mwinamo wa mchanga wa Panda, uliochanganywa kwa mashine, kwa fonderi ambayo haipo. Aliyeujua mchanga uliopo alikuwa binti yake. Naye alisema "mchanga yetu".

Katika karakana ya modeli ya kampuni palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja. Modeli haiguswi kwa chuma na mtu mwingine isipokuwa aliyeichonga. Watu wa fonderi wakiona kasoro waliirudisha ghorofani kwenye karakana hiyo, hata kama kazi itasimama nusu siku, na fundi wake aliirekebisha kwa mkono wake mwenyewe. Isidore aliwahi kuacha kuzungumza na rafiki yake mwezi mzima kwa sababu ya kipande cha msasa.

Alifungua kitambaa alichofungia patasi zake, akachagua moja. Aliipima uzito, akamgeuzia Fidélie mpini.

"Kata."

Fidélie hakuipokea mara moja. "Papa, ni modeli yako."

"Minye sijue kiasi gani. Weye unajua. Kata, nitaangalia."

Alikata. Mkato wa kwanza ulikuwa mfupi mno, na baba alimwambia azuie pumzi. Mkato wa pili ulikuwa mzuri. Isidore alisimama nyuma yake, akamrekebisha mara moja tu, kwa kugusa kiwiko. Vijana wa sufuria walikuwa wameacha kazi zao, na Ricky hakufanya mzaha wowote mpaka ukingo wote ulipozunguka. Fidélie aliulainisha kwa msasa, akaupaka nta, akashindilia mchanga yeye mwenyewe, kwa ngumi kwanza halafu kwa ubao, akisikiliza sauti yake. Alipoinyanyua modeli ilitoka safi, na mchangani palibaki umbo lenye kingo kali kama zilizokatwa kwa kisu.

Alumini ilimiminwa. Mmoja wa vijana alitaka kuimwagia maji ipoe upesi, kama wanavyofanya kwa sufuria, na Isidore na Fidélie walimzuia kwa neno lilelile, wakati uleule. Walisubiri karibu saa nzima. Isidore aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akamuuliza Ricky alijifunzia wapi, na Ricky akamweleza habari za mjomba wake wa Kambove. Kifuniko kilipoweza kushikwa, Isidore alikipima mara tatu kwa kipimo chake cha taya. Hakusema kipimo. Alimpa Fidélie akipime, na Fidélie alipoinua uso wake, wote wawili walijua kwamba kimetosha.

Bertin alikipeleka alasiri hiyo kwenye mashine ya kukereza ya shule ya ufundi, akakinyoosha uso na kukitoboa matundu.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka nje. Waliotoka misa walikuja na nguo zao za misa, na wale wa makanisa ya uamsho walikuja baadaye kidogo, maana ibada zao ni ndefu. Injini ya nyota ilifungwa juu ya kiti cha chuma, na mbele yake panga dogo la mbao. Kifuniko kipya kilikaa mahali pake bila nyundo wala karatasi ya kuzibia. Saa tisa na dakika kumi Bertin alilisukuma panga kwa kidole. Haikuwaka. Alisukuma tena, na tena. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba hata ndege za zamani ziko na retard, zinachelewa kama treni, watu wakacheka, na Fidélie aliushika mkono wa baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la nne.

Mara ya nane injini ilikohoa. Mara ya tisa iliwaka. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka, kubwa kuliko mwili wake, na upepo wa panga ukapeperusha kitambaa cha meza na kumtemea Bertin mafuta kifuani. Ilizunguka kwa muda wa sala ya Baba Yetu moja, ikazima. Bertin akasafisha kitu, akawasha tena, na mara ya pili ilinguruma mpaka yeye mwenyewe alipoizima. Kifuniko hakikuvuja hata tone. Watu walipiga makofi kwa ajili ya injini. Isidore alisikiliza kelele ile ukumbini alimokuwa akija zamani kucheza dansi na Hélène, akaona kwamba hakuwa na huzuni yoyote.

Watu walipopungua Bertin alimjia, shati lake limeharibika, uso wake umejaa raha. Chama chake kilikuwa kinaanza kuiga ndege nyingine Lubumbashi, na ilihitaji vitovu vya magurudumu, mabano, vichwa vya silinda. Huko, alisema, kuna wanaochomelea na kuna wanaokereza, lakini mtu wa modeli hawajampata. Aliuliza kama mzee, vieux Isidore, angekubali kufanya kazi hiyo hapahapa Likasi, na michoro ikaletwa kwa basi.

Isidore alimsogeza Fidélie mbele kidogo.

"Mbao, minye," alisema. "Mchanga, ni huyu. Muulize yeye kama anaweza, na inaomba siku ngapi."

Bertin akamgeukia Fidélie, akamwita mademoiselle, akarudia swali lake tangu mwanzo. Fidélie alimtazama baba yake kwanza. Isidore alikuwa amegeukia lile panga la tabaka saba, kana kwamba hasikii. Basi akajibu mwenyewe. Alisema vitovu vidogo juma moja, vichwa vya silinda hawezi kuahidi mpaka aone michoro, na kwamba kwanza watahitaji kuuchanganya mchanga na udongo mwingine, anajua mahali pa kuupata.

Usiku ule mezani habari ya informatique ilizungumzwa, na haikuwa fupi. Mama Hélène alisema yake, Isidore akasema yake, na Fidélie aliomba msamaha kwa uongo, si kwa mchanga.

Jumatatu asubuhi Isidore aliingia karakanani mapema. Alilitoa dawati lililokuwa halijamalizika, akafagia nusu ya meza ya kazi upande wa dirisha, ambako mwanga ni mzuri, akafunga hapo jiliwa la pili. Fidélie alimkuta akipima urefu wa meza kwa macho, akiuwaza urefu wa mtu atakayesimama pale.

"Ile kintu uliniuliza mara tatu," baba alisema. "Jibu ni ndiyo."

Akampa patasi moja butu na jiwe la kunolea, akamwambia leo ni hiyo tu. Binti alinoa hadi adhuhuri. Isidore alijaribu makali kwenye nywele za mkono wake, hazikukatika, akamrudishia. Fidélie alilalamika kwamba kwa Ricky siku ya kwanza tu walimpa kumimina. Baba akamwambia kwa Ricky wanatengeneza sufuria. Binti akauliza basi hii patasi inapaswa kushikwa kwa pembe ya nyuzi ngapi, na kwa nini si zaidi, na kwa nini jiwe linapakwa mafuta na siyo maji, na Isidore Kabamba akavuta kiti, akaketi, akaanza kujibu.